Majirani wa Wichita, Kansas: nani anakuja El Dorado?

*Jumanne jioni*

Mama Shiru: Habari za jioni majirani. Ile mambo ya kupiga kambi kwa paki ya ziwa la El Dorado nimeshabuku, wikendi ya mwisho ya Septemba, Ijumaa mpaka Jumapili, saiti mbili zimefuatana pale Bluestem Point karibu kabisa na maji. Moja iko na stima na maji ya mfereji, ingine ni kiwanja tu na pahali pa moto. Nani anakuja nijue mambo ya chakula

Kelvin: mimi ndani kabisa, nakuja na spika

Mama Shiru: Spika wacha nyumbani. Kuna masaa ya kunyamaza usiku na wale askari wa paki huzunguka

Bi Salma: Jamani mie nauliza, ni mbali? Nina zamu Jumapili usiku

Baba Shiru: Nusu saa na kidogo Bi Salma, ukipita barabara ya 54 hulipi kitu. Sasa sikizeni mapema tusisumbuane getini. Kila gari lazima iwe na permiti yake, hiyo ni mbali na pesa ya kulala ambayo Mama Shiru ameshalipa. Kama ulipokuwa unarinyuu namba ya gari ulikubali waongeze ile pasi ya paki basi uko sawa, angalieni karatasi zenu kuna watu hapa walilipa na hawajui. Kama huna utalipa ya siku. Alafu samaki, kuanzia miaka 16 mpaka 74 unahitaji leseni, watoto wetu wote wako chini ya hapo kwa hivyo wavue tu, lakini Kelvin usinishikie ndoano bila leseni alafu uniite nikuongelelee. Na kuni msibebe kutoka nyumbani, tutanunua huko huko, kuna mdudu anasafiri ndani ya kuni anaua miti, ukibeba gogo umempa lifti

Kelvin: sawa mheshimiwa waziri wa mazingira 😂

Mama Neema: Samahani bandugu. Mnaenda kulala kwa hema?

Kelvin: ndio aunty

Mama Neema: Na mnalipa?

Mama Shiru: Si pesa nyingi Mama Neema. Ni kupiga kambi tu, watoto wapate hewa

Mama Neema: Kambi. Mi nimekaa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, miaka kumi na nane. Miezi ya kwanza turubai, baadaye tofali za udongo tulifyatua wenyewe. Neema nilimzaa kule. Kuni nilibeba na kichwa, maji nilipanga ndoo saa kumi ya usiku. Leo niko na nyumba, bafu mbili, jiko inawaka na kidole, mnaniambia nilipe pesa nirudi kambini. Hapana. Muende salama 😂

Bi Salma: Umenimwagisha chai mwenzangu 🤣🤣

Mama Shiru: Aki pole Mama Neema, sikufikiria hivyo kabisa

Mama Neema: Sijakasirika. Nacheka tu. Muzungu ananifurahisha sana, anatoka kwa nyumba yake nzuri anaenda kulala chini kwa kupenda

*Jumatano*

Bi Salma: Hivi huko kuna nini cha kuona lakini? Maana mie kila nikipita ile njia naona nyasi tu, nyasi, nyasi, ng'ombe mmoja, nyasi

Kelvin: aunty umemaliza. hiyo ndio Kansas

Baba Shiru: Bi Salma hizo nyasi unazodharau zilikuwa zimefunika ekari kama milioni 170 za Amerika hii, leo imebaki chini ya asilimia 4, na sehemu kubwa ya hiyo iliyobaki ndio hii hapa kwetu Flint Hills. Kwingine kote walilima mahindi. Hapa kilichookoa ni mawe, chini kidogo tu ya udongo kuna gumegume, jembe la plau linavunjika, mkulima akakata tamaa akaacha ng'ombe wale. Mimi nilizaliwa kwa wafugaji nikaja kushangaa hapa, hawa jamaa wanachoma malisho Machi na Aprili vile vile wazee wetu walikuwa wanachoma, si mnakumbuka ule moshi wa Aprili mkasema Wichita inaungua. Nyasi haifi kwa sababu yeye mwenyewe yuko chini, mizizi inaingia mita tatu. Mwezi huu ndio imesimama vizuri, ile kubwa kabisa kichwa chake kimegawanyika vidole vitatu kama mguu wa batamzinga, inakupita wewe na kilemba chako

Bi Salma: Haya mwalimu, kilemba changu umekifuata cha nini 😂

Baba Shiru: Jumamosi asubuhi nataka tupande mpaka Strong City, ile hifadhi ya taifa ya nyasi, ilianzishwa 1996. Kuna nyati wa huku, baisoni, walirudishwa 2009. Unapita Cassoday unafuata 177, hiyo barabara hata peke yake inatosha, kilima juu ya kilima hakuna nyumba

Bi Salma: Na kupe? Kazini kwetu mtu alitoka huko na vile vidudu vyekundu visivyoonekana, alijikuna wiki mbili kiunoni hakukai hakulali

Mama Shiru: Soksi juu ya suruali, dawa ya kupaka, na mkirudi kwa hema mnakaguana. Watoto nyuma ya masikio na kwa nywele

Kelvin: na tonado?

Baba Shiru: Msimu wake hasa ni Aprili mpaka Juni. Ile ya Andover ya 1991 ilikuwa Aprili, iliua watu 17, ilipita hapo ikaenda kuishia juu ya hilo hilo ziwa

Mama Shiru: Baba Shiru sasa hiyo unamsaidia nani

Mama Neema: Mnakumbuka mi nilifika hapa, Jumatatu ya kwanza saa sita ya mchana king'ora inalia mji muzima. Nilichukua Neema, nikachukua na mfuko wa makaratasi, tukaingia ndani ya bafu tukakaa humo. Kumbe wanajaribisha tu, kila Jumatatu. Hakuna mtu alituambia. Tulikaa saa mbili mule

Bi Salma: Mpaka leo Jumatatu nikisikia nashtuka walahi

*Alhamisi usiku*

Mama Neema: Neema analia hapa. Shiru amemwambia wataogelea na watakula zile peremende za kuchoma. Sasa nauliza maswali tatu. Choo iko wapi. Maji inatoka wapi. Usiku nani analinda

Mama Shiru: Choo ni jengo kabisa Mama Neema, iko na mashawa ya maji moto, ni kutembea dakika mbili. Maji iko bomba hapo hapo kwa saiti yetu. Na askari wa paki anapita na gari

Mama Neema: Maji moto?

Mama Shiru: Moto kabisa

Mama Neema: Basi nitakuja Jumamosi mchana na maharage. Saa kumi na mbili ya jioni narudi kwangu. Neema abaki nanyi kama anataka

*Ijumaa*

Kelvin: tumefika. upepo si wa mchezo wasee

Kelvin: kiti ya anko imeingia ziwani

Bi Salma: Haaa! Yeye mwenyewe?

Kelvin: yeye ako sawa alikuwa amesimama. kiti imeenda inaelea kama bata

Mama Shiru: Msicheke, hema ya pili imekataa kusimama. Hizi misumari za hema zinapinda, unagonga inaingia kidogo alafu kng, jiwe. Tumepindisha sita

Baba Shiru: Ni yale mawe niliyowaambia. Kama yalishinda plau

Mama Shiru: Wacha historia shika kamba

Mama Neema: Nionyesheni picha

Mama Neema: Nani alipanga hii hema? Mdomo mmeweka kwa upepo. Upepo inaingia inajaza, lazima itaruka, mnajenga puto. Geuzeni mgongo ndio uangalie upepo. Punguzeni urefu, zile fimbo za juu mtoe moja, iwe fupi. Kama msumari haiingii musipige wima, ulaze, na kamba ifungeni kwa jiwe kubwa ao kwa meza ya mbao kama ni ya kuchimbiwa chini. Ndani kwa pembe nne muweke vitu vizito, ndoo ya maji, masanduku, na Kelvin

Kelvin: 😭😭

Mama Neema: Na mtaro musichimbe mpaka muulize. Kule tulikuwa tunachimba mtaro mvua ipite, hapa sijui sheria yao

Baba Shiru: Hawaruhusu kuchimba

Mama Neema: Basi ombeni mvua isinyeshe

*(dakika arobaini baadaye)*

Mama Shiru: IMESIMAMA. Mama Neema Mungu akubariki, imetulia kama nyumba ya mawe

Mama Neema: Tulikuwa na majirani waliitwa Blok D. Walikuwa wanapanga kama ninyi

*Jumamosi*

Kelvin: [picha] baisoni. ako mbali lakini ndio huyo kile kidoti cheusi

Bi Salma: Mwanangu hapo naona bluu na njano tu, sogea

Baba Shiru: Asisogee. Mita tisini hivi ndio sheria, na yule mnyama anakimbia karibu kama farasi. Kelvin alikuwa anataka selfi nimemshika kwa kola

Mama Shiru: [picha] Angalieni Neema na Shiru ndani ya nyasi, tumeona mikono tu. Imeshakuwa rangi ya shaba, ile rangi ya sufuria mzee. Na vipepeo jamani, wale wa rangi ya chungwa wanaoenda Meksiko, mti mmoja pale karibu na njia ulikuwa umejaa mpaka nikadhani ni majani yanakauka, alafu majani yakaruka

Bi Salma: Sasa hapo mmenitia wivu. Natoka kazini saa nane nakuja na biriani, msipike wali

*Jumamosi, saa tisa*

Mama Neema: Nimefika. Bandugu hii ziwa, nani aliizamisha miti? Imekufa imesimama ndani ya maji

Baba Shiru: Ni bwawa Mama Neema, jeshi la wahandisi walikinga mto Walnut, ikamalizika 1981. Miti waliiacha humo ndani, samaki wanapenda

Mama Neema: 1981? Mi nimezaliwa 79. Kumbe niko mukubwa kwa hii ziwa. Inisalimie

Bi Salma: 🤣🤣🤣 shikamoo Mama Neema, anasema ziwa

Mama Neema: Marahaba. Na ndagala iko?

Kelvin: ndagala ni nini

Bi Salma: Dagaa

Mama Shiru: Omena

Mama Neema: Ile ya Tanganyika hamna jina yake ninyi. Ukiikaanga Uvira mtu wa Bujumbura anasikia harufu

Kelvin: hapa kuna kambare tu aunty na Shiru ameshika moja kubwa kama mkono wake

*Jumapili asubuhi*

Bi Salma: Nimefika nyumbani salama usiku, asanteni. Mama Neema nilikuacha pale kwenye moto, ulirudi saa ngapi?

Kelvin: hakurudi

Bi Salma: Weee

Kelvin: wacha nikupe stori. ulipotoka tu akasema lile jiko la chuma la paki halipiki maharage linayatishia, akaokota mafiga matatu akapanga ndani ya ile duara ya moto akaweka sufuria yake. inachemka vizuri tunapiga stori. ghafla jiwe moja likapasuka PAA, lile gumegume la anko, kumbe likishika moto linapasuka. vipande vikaruka. sisi tumeshangaa tu tumesimama. Mama Neema alikuwa ameshalala chini na Neema ako chini yake kabla hata hatujajua ni nini

Kelvin: kila mtu kimya. alafu akacheka yeye wa kwanza. akasema maharage yamepona?

Mama Shiru: Yalipona. Nilimshika mkono akaniambia niko sawa, nipe mwiko. Baada ya hapo sikumwambia chochote mambo ya kurudi nyumbani na yeye hakusema, saa nne akauliza nani ana blanketi ya ziada

Bi Salma: Pole jamani Mama Neema

Mama Neema: Asante dada. Niko mzima. Mawe ya hapa ndio mabaya

*Jumapili jioni*

Mama Shiru: Tumefika wote. Kagueni watoto tafadhali, nimetoa kupe wawili kwa Shiru mmoja ndani ya kitovu. Baba Shiru kiti yake ilipatikana ng'ambo ya ghuba, kuna mzee alikuwa na mtumbwi ametuletea

Baba Shiru: Yule mzee alimwaga maji yote kwa mtumbwi akaupangusa na taulo mpaka ukakauka kabla ya kuupandisha kwa trela. Nikauliza. Kuna kombe wadogo wamevamia hilo ziwa tangu 2003, wenye milia, wananata kwa mashua wanasafiri mpaka ziwa lingine. Kwa hivyo ndoo za watoto nazo mimina, kausha

Bi Salma: Mama Neema haya sema basi, kambi ya kulipia vipi?

Mama Neema: Godoro ilikuwa nyembamba. Shawa ilikuwa moto kweli, niliingia mara mbili

Mama Neema: Usiku nilitoka kwenda choo nikasimama njiani. Nilikuwa nangojea kitu, sijui ni kitu gani. Alafu nikajua. Hakuna mtu anakohoa. Kule Nyarugusu usiku unasikia kukohoa kila upande, huyu anakohoa, mtoto wa huyu analia, redio ya yule. Mi nilifikiri hema zote ziko hivyo. Pale ilikuwa nyasi tu inafanya shhhh na yale maji. Nilikaa kwa ile meza mpaka baridi ikanishika

Mama Shiru: 🤍

Bi Salma: Mwakani ukienda nami nalala

Mama Neema: Mwakani tutaona. Sasa ninyi. Mfuniko wa sufuria yangu iko wapi. Ile kubwa

Mama Shiru: Kwangu hakuna nimeangalia

Baba Shiru: Si ile mliyofunikia mkaa?

Mama Neema: MLIFUNIKIA MKAA?

Kelvin: aunty iko kwa buti ya gari yangu. imeshika weusi kidogo tu. naosha naleta kesho

Mama Neema: Ile sufuria imetoka Nyarugusu, imepanda ndege tatu. Leta leo