Mbunge wa Kenya akijiuzulu, kiti hukaa wazi hadi lini?

MamaMuguka: Nauza muguka, yale majani ya kutafuna, hapa Siakago. Mbunge wetu Ruku alipojiuzulu 2025 ili awe waziri, kiti cha Mbeere Kaskazini kilikaa wazi miezi saba. Si sheria inasema mitatu?

WakiliWaKijiweni: Kweli, mama. Barua ya kujiuzulu humwendea Spika, naye ana siku 21 kuiarifu IEBC, tume ya uchaguzi. Uchaguzi mdogo nao ni ndani ya siku 90 tangu kiti kibaki wazi. Lakini IEBC haikuwa na makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Nani angeusimamia?

Karani_Mstaafu: Wabunge wa kuteuliwa kwa orodha ya chama hawafanyiwi uchaguzi mdogo. Huingia anayefuata orodhani.

MamaMuguka: Kumbe! Ndiyo maana nilipanga foleni ya kupiga kura 27 Novemba, muguka ukininyaukia kibandani.