Mlioacha dawa za sonona: zile siku za shoti kichwani mlizivukaje? Tupeane uzoefu

Kibatari (mwenye uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni msomaji wa pembeni wa siku nyingi, leo najitokeza kwa sababu nimebanwa.

Nimemeza paroksetini miaka mitatu kasoro. Zilinisaidia, sitaki kuwa mchoyo wa fadhila. Zilinikuta wakati hata kuoga ilikuwa kazi ya kutwa. Mwezi uliopita nikajiona mzima, nikasema yatosha. Daktari sikumwambia. Kopo lilipoisha sikwenda kuchukua jingine, ndiyo ikawa kuacha kwenyewe.

Siku ya kwanza shwari. Ya pili shwari. Ya tatu asubuhi napiga mswaki, nageuza macho kutafuta taulo, nikasikia kitu kimepita kichwani: zzt. Hakiumi. Ni kama mtu kagusanisha nyaya mbili nyuma ya macho, kisha kaziachanisha. Nikiangalia pembeni, zzt. Nikigeuka kitandani, zzt. Vikafuata jasho, kichefuchefu, ndoto kali ambazo naamka nimechoka kuliko nilivyolala, na machozi yasiyo na sababu. Jana nimelia kwa kuwa kifuniko cha chupa kimegoma kufunguka. Nimeketi sakafuni na chupa yangu, nalia.

Nyumbani wanasema ugonjwa umerudi. Shemeji kaenda mbali zaidi, eti hiyo ni arosto, nimeshakuwa teja wa vidonge. Neno hilo limenichoma kuliko shoti zenyewe.

Mliopita njia hii, ni nini hiki na mlifanyaje? Matusi wekeni akiba.

Mama Pacha

Pole sana mdogo wangu. Hizo shoti nazijua kama ninavyoijua sauti ya mlango wangu.

Mimi ilikuwa venlafaksini. Ile dawa haina subira. Nikichelewa saa chache tu, mwili unanikumbusha kabla sijatazama saa. Nilipoamua kuacha niliacha kama wewe, kibabe. Nikadhani nimepata mafua, ila mafua gani hayana makamasi? Mwili unauma, kijasho chembamba, kichwa chepesi kama nimeshuka kwenye bembea sasa hivi. Nikipita kwenye mlango nagonga fremu kwa bega.

Nilijikaza siku kumi na moja, nikijiita shujaa. Siku ya kumi na mbili mmoja wa wanangu akadondosha kijiko. Kijiko tu. Nilimfokea mpaka sauti ikakatika, nikajifungia chooni nikaitazama mikono yangu naiogopa. Nikampigia daktari kutoka humohumo chooni. Nilitegemea kugombezwa. Akaniuliza kitu kimoja: "Uliacha lini, na ulikuwa unameza kiasi gani?" Akanirudisha kwenye dozi ileile. Ndani ya siku mbili shoti zikanyamaza, na watoto wakanipata mama yao.

Baadaye tulianza upya, tukipunguza kidogo kidogo. Kilichonishinda kwa siku kumi na moja kilinichukua miezi saba, na katika miezi hiyo sikumfokea mtu kwa sababu ya kijiko. Kwa hiyo rudi kwa aliyekuandikia. Usingoje wiki ijayo.

Fundi Saa

Mimi niliacha fluoksetini baada ya mwaka na nusu, sikuhisi hata mbu. Nadhani watu mnajitisha. Ukikaa kusoma orodha ya dalili utazipata zote hadi za mimba.

Dawa Baridi

Fundi Saa, kilichokulinda ni dawa yenyewe, ushujaa wako hauhusiki. Naongea kama mtu anayekaa upande wa pili wa dirisha la dawa.

Fluoksetini huondoka mwilini kwa kujivuta. Kwa aliyeitumia muda mrefu, nusu yake huchukua siku 4 hadi 6 kutoka, na kile inachogeuka kuwa ikishasagwa na ini kinaweza kukawia hadi wiki mbili na zaidi. Yaani wewe uliacha siku moja, lakini mwili wako uliachishwa taratibu bila kuombwa. Paroksetini ya Kibatari, nusu yake hutoka ndani ya saa 21 hivi. Venlafaksini ya Mama Pacha ni kama saa 5. Ndiyo maana mmoja anaanguka ngazi na mwingine anateremka kwa mteremko.

Hata hivyo la kujitisha si uongo mtupu. Mwaka 2024 jarida la Lancet Psychiatry lilitoa mkusanyo wa tafiti 79. Walioacha dawa, 31 kati ya 100 walipata angalau dalili moja. Walioacha vidonge bandia visivyo na dawa ndani, nao 17 kati ya 100 walizipata! Ukitoa hiyo ya hofu na matarajio, inabaki kama 15 kati ya 100, na waliopata dalili kali ni kama 3. Walioupinga mkusanyo huo walisema tafiti nyingi zilikuwa za watu waliotumia dawa kwa miezi michache, si miaka kama Kibatari. Nami naona hoja yao ina uzito, maana wanaokuja dirishani kwangu wakiwa hoi ni wale wa miaka.

Sasa shemeji. Mwambie arosto ya teja ina kiu ndani yake: mtu anaitafuta ile kitu, anaongeza, anaiba ili aipate. Wewe ulisahau hata kwenda kuchukua kopo. Kilichotokea ni kwamba ubongo ulijipanga upya kwa miaka mitatu ukijua dawa ipo, kisha wewe ukaiondoa usiku mmoja. Ni mwili uliozoea. Presha nazo zina dawa ambazo ukiziacha ghafla mwili unakasirika, na hatujasikia mtu akiitwa teja wa presha.

Kibatari

Nimecheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Zzt.

Kisebusebu

Msitusahau watu wa dawa za zamani. Mimi niliandikiwa amitriptilini kwa ajili ya kipandauso, sina sonona. Nikaacha ghafla kwa vile kichwa kilipona. Usiku wa pili hakuna usingizi, tumbo linaendesha, jasho. Nilihangaika na vipimo vya tumbo wiki nzima, hakuna aliyeniuliza nimeacha dawa gani. Mtaje mnachoacha, hata kama hamkuulizwa.

Mtu wa Ngazi

Naomba nizungumzie mwisho wa safari, maana ndipo wengi tunapovunjikia miguu.

Nilikuwa kwenye sitalopramu miligramu 20. Nikashuka 10, nikakaa wiki sita, safi. Nikashuka 5, wiki sita, safi. Nikajiambia miligramu 5 ni nini? Ni vumbi. Nikaacha. Siku ya nne nilikuwa nimelala chini nimeshika mguu wa meza, chumba kinazunguka.

Daktari wangu mpya ndiye aliyenichorea. Alichukua karatasi akachora mstari unaopanda kwa kasi halafu unalala. Akasema miligramu 20 inashika kama asilimia 80 ya vile visafirishi vya serotonini, ile kemikali ya ubongo inayoguswa na dawa hizi. Ukipunguza nusu nzima ukabaki na 10, bado inashika asilimia 70 na ushee. Ukibaki na 5, bado karibu 60. Kwa hiyo kutoka 20 hadi 5 nilikuwa nimeshuka vidato viwili. Kutoka 5 kwenda sifuri niliruka kutoka dirisha la ghorofani. Aliniambia hesabu hiyo iliandikwa na Horowitz na Taylor mwaka 2019, na kwamba kadiri unavyokaribia chini ndivyo vipande vinavyotakiwa kuwa vidogo zaidi: 5, kisha 3 na kitu, kisha 2, hadi chini ya 1.

Sasa kidonge kidogo kile utakipataje miligramu 2? Nilianza na wembe. Nimeketi mezani, taa ya simu, kidonge juu ya sahani nyeupe, nakandamiza: kipande kimoja kinarukia sakafuni, kingine kinakuwa unga. Leo nameza robo nene, kesho robo nyembamba, na shoti zinanionyesha tofauti. Mfamasia alipoona akanionea huruma, akaongea na daktari nikabadilishiwa ya maji, yenye bomba la kupimia. Hapo ndipo mambo yalitulia. Niliteremka ya mwisho kwa miezi mitano.

Halafu kuna ushauri wa "meza leo, ruka kesho". Niliujaribu kabla ya yote. Kwa dawa zinazotoka haraka ni kujipandisha na kujishusha kila siku. Nilikuwa naumwa kwa ratiba.

Dawa Baridi

Naongezea: vidonge na kapsuli za kuachia dawa polepole msivitwange wala kuvikata bila kuuliza. Vingine ukivivunja dawa yote inamwagika mwilini kwa mkupuo.

Fundi Saa

Sawa, nimekubali. Sikujua hiyo habari ya nusu kutoka. Samahani Kibatari.

Nimerudi

Mimi nina hadithi ambayo wengi humu hawaipendi, lakini uzi ni wa uzoefu.

Niliacha sertralini vizuri kabisa, na daktari, taratibu, shoti mbili tatu tu. Nikasherehekea. Mwezi wa kwanza mzuri. Kwenye mwezi wa tatu nikaanza kutojibu ujumbe. Halafu nikaacha kufungua mapazia. Hakuna shoti, hakuna kizunguzungu, hakuna kichefuchefu. Ladha ya vitu iliondoka tu kimyakimya, kama maji yanayovuja usiku. Nikawaambia watu ni dawa inatoka. Nilikuwa nimesoma hadithi nyingi za kuacha hivi kwamba kila kitu nilikiita dawa inatoka. Haikuwa hivyo. Ulikuwa ugonjwa wenyewe umerudi, na nilipoteza miezi miwili nikiusubiri uishe.

Tofauti niliyofundishwa ni hii, Kibatari, ujipime nayo: ya kuacha dawa huja ndani ya siku chache, na huja na vitu ambavyo hukuwahi kuwa navyo ulipoumwa, kama hizo zzt zako. Ukirudishiwa dozi hutulia haraka, siku moja mbili tatu. Ugonjwa hurudi kwa wiki na miezi, na unakuja na sura yake ileile ya zamani. Yako ilianza siku ya tatu. Sidhani kama nyumbani wamepatia.

Kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2021, wa watu waliotumia dawa muda mrefu na wakajiona wazima kiasi cha kufikiria kuacha. Ndani ya mwaka, 56 kati ya 100 walioacha ugonjwa uliwarudia, na walioendelea kumeza ni 39. Yaani karibu nusu ya walioacha walikuwa salama, na wengine hata wakimeza uliwarudia. Mimi nimo kwenye wale 56. Leo namezea kidonge changu chai ya asubuhi na sina deni na mtu.

Mama Pacha

Nimerudi, nimefurahi umeliandika. Kibatari, jambo moja ambalo hukulitaja na sitaki kulipita: ukianza kuwaza kufa, au ukikaa siku mbili bila kulala huku unajisikia una nguvu za ajabu, hiyo si ya kuuliza kwenye uzi. Ni hospitali siku hiyohiyo, na mtu wa kukusindikiza.

Madogo madogo yaliyonisaidia mimi: kugeuza kichwa pamoja na macho badala ya macho peke yake, kuamka kitandani kwa awamu, kupunguza kahawa, pombe kuacha kabisa, na kutoendesha gari zile siku za kizunguzungu. Na daftari. Kila usiku mstari mmoja: dozi, saa nilizolala, shoti ngapi. Ukiwa ndani yake unaona kila siku ni mbaya sawasawa, daftari ndilo lililonionyesha kwamba Jumanne ilikuwa na kumi na tano na Jumapili ilikuwa na nne.

Kibatari

Mrejesho, wakuu.

Nilikwenda. Nimerudishiwa dozi, leo siku ya sita. Siku ya pili jioni nikagundua nimekaa saa nzima bila zzt, nikageuza macho makusudi kushoto kulia kama mwizi ili nihakikishe. Moja ikaja, dhaifu, kama simu inayotetemeka chumba cha pili. Tangu juzi hakuna.

Tumekubaliana nikae hivi miezi miwili kwanza, kisha tuanze kushuka. Daktari alitaka kunipangia ratiba ya wiki nne yote iishe. Nikamwomba nimsomee alichoandika Mtu wa Ngazi. Akasikiliza, akanyamaza kidogo, akasema atauliza kama ya maji inapatikana. Shemeji nilimsomea ile ya presha. Yeye mwenyewe anameza za presha. Hajasema kitu tangu jana.

Daftari nimenunua. Swali la mwisho: Mtu wa Ngazi, hiyo ya maji ladha yake ikoje?

Mtu wa Ngazi

Mbaya. Weka glasi ya maji karibu kabla hujafungua chupa.