Naomba ushauri: mbwa wangu wa aina ya Jack Russell hatulii

Mpangaji_Naalya: Jamani, nisaidieni. Nina Jack Russell wa miezi kumi, anaitwa Pilipili. Nikirudi kazini nakuta godoro limechanwa, na mlangoni kachimba shimo la kutosha sufuria. Mwenye nyumba amechoka na kelele. Kuna dawa ya kumtuliza? Posho (ugali) na mukene (dagaa) anapata kila siku.

MamaTumaini: Wangu aliua kuku watano wa jirani asubuhi moja. Nililipa wote. Siku hizi nafuga paka.

Fundi_Bombo: Dawa ya nini, nyabo? Kasisi John Russell wa Devon, Uingereza, aliwazalisha karne ya 19 wafukuze mbweha mpaka shimoni. Kuchimba ndiyo kazi yao. Unamkimbiza lini?

Mpangaji_Naalya: Jumapili. Siku nyingine namfunga kamba mpaka jioni, nyumba ni muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga. Ila kesho anachukuliwa na mtu wa Mukono mwenye shamba. Naona ni bora.

Afande_Mstaafu: Mbona kesho? Kuna jambo hujasema.

Mpangaji_Naalya: Sawa. Juzi alimng'ata mtoto wa jirani, mkwaruzo tu. Chanjo ya kichaa cha mbwa hajapata, nangoja mshahara. Shambani atapata nafasi, msinihukumu.

Afande_Mstaafu: Usimtoe, binti yangu! Mbwa aliyeng'ata huangaliwa siku 10. Akifia Mukono utajuaje? Mtoto aoshwe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, apelekwe kupata chanjo leo hii. Dalili zikishatokea, hakuna tiba.

Jicho_Kali: Hii hadithi imetungwa. Asiye na hela ya chanjo alimnunuaje Jack Russell?

MamaTumaini: Hata mimi nilijiuliza. Na mbwa wa hivyo kweli anakula posho?

Fundi_Bombo: Wa kwangu anakula. Tungeuliza habari za mtoto kwanza.

Mpangaji_Naalya: Sikumnunua. Mwajiri wangu alihama nchi akaniachia, na blanketi lake la bluu. Nimetoka kwa jirani sasa hivi. Si mkwaruzo, ni alama nne za meno chini ya kidole gumba, na mama yake alikuwa amepaka majivu. Tumeosha, boda inatungoja. Wa Mukono nimemwambia asije.

Fundi_Bombo: Na Pilipili?

Mpangaji_Naalya: Ndani, nimefunga kufuli. Ana maji.

Afande_Mstaafu: Hesabu siku tangu juzi, andika ukutani. Akibadilika hata kidogo, mwite daktari wa mifugo, usimshike. Zikiisha akiwa mzima, achanjwe, halafu umkimbize kila alfajiri kabla ya kazi. Ukifika hospitali tuandikie.