Laravel 11: Kernel.php imeenda wapi? Na projekti ya zamani niipandishe vipi?

fundi_nyuma

Wakuu habari za majukumu. Nimetumia Laravel (fremuweki ya PHP ya kujenga mifumo ya wavuti) tangu toleo la 8 mpaka la 10, kila faili najua lilipo hata nikiwa na usingizi. Sasa nimeanzisha projekti mpya kwa Laravel 11, mfumo wa kukusanya michango ya kikundi, nafungua app/Http nakuta Controllers peke yake, foda ya Middleware (midoweya, vichujio ambavyo kila ombi hupitia) hakuna, Kernel.php iliyokuwa inaziorodhesha hakuna, RouteServiceProvider hakuna, hata routes/api.php haipo, nikajua tu bando limekata katikati Composer (kisakinishi cha vifurushi vya PHP) ikashusha nusu, nikafuta nikasakinisha upya, yale yale.

Kinachonikera zaidi ni malipo. Mtu analipa kwa simu, hela inakatwa vizuri, ila mtandao wa malipo ukileta majibu kwenye ruti yangu unapigwa 419 (kosa la kukosa tokeni ya CSRF, ulinzi dhidi ya maombi ya kughushi). Zamani hiyo ruti naiandika kwenye $except ndani ya VerifyCsrfToken.php na kazi imeisha, leo faili lenyewe silioni, na video karibu zote YouTube bado zinakwambia fungua Kernel.

La pili, nina mfumo mwingine wa Laravel 10 uko laivu kwa mteja na anataka upandishwe. Inabidi nihamishe mafoda yote yafanane na huu mpangilio mpya? Msaada jamani.

Ochi_Kisumu

Boss tulia, hakuna kitu kimepotea. Zile midoweya tisa zilizokuwa zinakuja na kila projekti watu wengi hawakuwahi kuzigusa hata siku moja, kwa hivyo toleo la 11 lilipotoka Machi 2024 zikaingizwa ndani ya fremuweki yenyewe. Zinafanya kazi kama kawaida, ni vile tu hazikai tena kwa foda yako. Wewe unaandika kile unataka kubadilisha peke yake, na mahali pa kuandika ni bootstrap/app.php.

Hiyo 419 yako ni mstari mmoja, ndani ya withMiddleware:

`$middleware->validateCsrfTokens(except: ['malipo/*']);`

Hapo hapo ndio unasajili alias (majina mafupi) za midoweya zako, ukitaka kubadilisha mahali mtu asiyelogin anapelekwa tumia redirectGuestsTo, na makosa yanashughulikiwa chini kidogo kwa withExceptions. Ukitengeneza midoweya yako mwenyewe kwa make:middleware ile foda itarudi yenyewe usijali.

Lakini mimi ningekushauri ruti ya majibu ya malipo isikae web.php kabisa. Run `php artisan install:api`, itakuletea routes/api.php pamoja na Sanctum (kifurushi cha kuthibitisha watumiaji kwa tokeni), na huko hakuna mambo ya CSRF. Kumbuka tu anwani itaanza na /api, kwa hivyo ubadilishe ile uliyosajili kwa watu wa malipo, usije ukakaa hapa ukishangaa mbona majibu hayafiki. Na kwa sababu mlango huo uko wazi kwa kila mtu, hakikisha muamala kwanza kabla uandike kwa databesi kwamba amelipa.

mama_seva

Ochi kamaliza la kwanza. La pili: USIHAMISHE MAFODA. Laravel 11 inaendesha mpangilio wa zamani bila shida yoyote, Kernel.php yako itasomwa kama kawaida, na mwongozo wao wa kupandisha toleo wenyewe unasema hawapendekezi mtu wa 10 ajaribu kuhamia mpangilio mpya. Nimeona vijana wanashinda wiki nzima wanapanga upya mafaili ya mteja, mwisho wa siku mteja haoni tofauti ila kulogin kumekufa.

Macho yako weka kwingine. PHP lazima iwe 8.2 kwenda juu, na kwenye hosting ya kushare angalia kote kuwili, maana unaweza kuchagua 8.2 kwenye cPanel kwa ajili ya tovuti, ukija terminali ukiandika `php -v` unakuta bado ile ya kale, artisan inagoma.

Halafu tarehe. Ukifanya composer update unaweza kuletewa Carbon 3 (maktaba ya tarehe), na hapo diffInDays haikupi tena namba nzima iliyo chanya kila wakati. Mfumo wa mikopo uliokuwa unaandika "umechelewa siku 3" kwa kutumia now()->diffInDays ya tarehe ya marejesho, sasa utapata kitu kama -3.58, na kama faini inakokotolewa kutoka hapo basi mkopaji mchelewaji ndiye atakayedai chenji. Dawa ni kupitisha true kama kigezo cha pili halafu uzungushie int. Tafuta diffIn kwenye projekti nzima, moja baada ya nyingine, usiruke.

Na maigresheni (mafaili yanayojenga na kubadilisha tebo) zenye change(). Zamani ukibadilisha kolamu, vitu ambavyo hukuvitaja kama unsigned, default na comment vilibaki. Kwenye 11 usichokitaja kinaondoka. Kolamu ya kiasi ina default 0, wewe unaongeza nullable tu, default inayeyuka kimya kimya. Databesi ya laivu iliyokwisha kupita hapo haitaguswa, ila ukijenga upya kwa ajili ya majaribio utapata tebo tofauti na ya laivu, na huo ndio ugonjwa mbaya wa kutafuta. Kama maigresheni ni nyingi mno kuzipitia, piga `schema:dump` kwanza ukiwa bado kwenye 10, ihifadhi umbo la databesi lilivyo.

jogoo_la_bekendi

Mimi nitasema wanachoogopa kusema wengine, haya mabadiliko ni urembo tu. Kernel ilikuwa na kosa gani? Unamfundisha mtu wa fildi akiona midoweya zote zimeorodheshwa anaelewa ombi linapita wapi na wapi, sasa unamwambia ziko, amini tu, hazionekani. Na ratiba nazo zimehamishiwa routes/console.php, yaani kazi za usiku zinakaa kwenye foda ya ruti, hiyo ina mantiki gani.

Ochi_Kisumu

@jogoo kwa kufundisha hapo nakubali kidogo. Lakini ratiba mbona hata imekuwa rahisi, unaandika Schedule::command na daily() umemaliza, na cron (kipanga kazi cha seva) ya schedule:run kwa seva haibadiliki hata herufi.

fundi_nyuma

Asanteni sana, 419 imekwisha, nimefuata ya api.php. Mfumo wa mteja naacha mafoda yalivyo. Ila kwenye huu mpya kuna jipya, risiti za barua pepe haziendi, logi haina kosa lolote, kwenye 10 msimbo ule ule ulikuwa unatuma papo hapo. Niko hosting ya kushare.

mama_seva

Fungua tebo ya jobs, risiti zako zimejipanga humo. Projekti mpya ya 11 inakuja na QUEUE_CONNECTION=database, zamani ilikuwa sync (kutuma papo hapo), kwa hiyo bila queue:work (amri ya kushughulikia foleni) inayoendeshwa hakuna wa kuzitoa. Sessions na cache pia siku hizi vinakaa kwenye databesi kama hukubadilisha, ndiyo maana ukihama SQLite kwenda MySQL ukasahau kumigrate unapigwa kelele kwamba tebo ya sessions haipo.

Kama ujumbe ni kidogo rudisha sync kwenye .env. Kama ni nyingi, weka cron ya kila dakika yenye `php artisan queue:work --stop-when-empty`, itamaliza foleni na kujifunga yenyewe, hosting nyingi za kushare hazipendi kitu kinachokaa wazi muda wote. Ila kabla hujaiwasha ichungulie hiyo tebo kwanza, kama kuna risiti za majaribio zifute, la sivyo zitamwagika zote kwa wanakikundi kwa mpigo.