Naomba ushauri: gari la kulala, Nakuru–Kisumu–Kakamega

Hamjambo wadau. Safari ni ya watu wanne, kupitia Kericho. Gari ni Hiace ya dizeli iliyotiwa vitanda, friji na jiko la gesi.

Kinachonisumbua zaidi ni umeme. Betri ya pili ni ya asidi, volti 12, Ah 100 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba). Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hivyo za kutumia ni 50. Friji ya kompresa huvuta ampea 4 ikinguruma. Usiku wa Nakuru una baridi, inapumzika sana. Lakini kwa joto la Kisumu, hata ikifanya kazi nusu ya muda tu, itakula Ah 48 kwa siku, na hapo taa na simu bado. Paneli ya sola ya wati 100 itatosha kweli msimu wa mvua, ama niende 200? Na waya wa kuchaji kutoka kwa alteneta (kizalishaji umeme cha injini) mlitumia wa unene gani? Mwembamba unapoteza volti, betri haijai.

Tangi la maji ni lita 80, yaani kilo 80 nyuma ya ekseli. Naona heri kuondoka na lita 20 na kujaza kule chini, maana mteremko wa Kericho hadi Awasi hupasha breki moto.

Mtungi wa kilo 6 uko kabatini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini. Tundu la sakafuni la kuitoa nje mlitoboa la ukubwa gani?

Mwisho, Dunga (ufuoni Kisumu) na Kakamega: wapi wanaruhusu gari lilale ndani ya geti, choo karibu? Choo cha ndoo na watoto, hapana.