Binti anatishiwa kurushiwa picha, kaunta ya polisi wameandika "lugha ya matusi": afanyeje?

Msaidizi_Kata:
Wakuu habari, na shikamooni wakubwa. Naomba mwongozo kwa mnaojua upelelezi na sheria hapa Tanzania. Binti wa miaka 19, mwanachuo, aliyekuwa mchumba wake anamtishia WhatsApp: atume 300,000, la sivyo picha zake za faragha zinaingia grupu la darasa. Kituoni amepewa RB ya "lugha ya matusi" na kuambiwa am-block. Je, hiyo RB inatosha? Apeleke vielelezo gani? Na kwenye kata hiyohiyo kuna mwingine wa miaka 15 mwenye shida kama hiyo. Utaratibu ni uleule?

Jalada_IR:
Mkuu, haitoshi, na shida kubwa ni kosa lililoandikwa. RB ni kumbukumbu kwamba taarifa imepokelewa, basi. Kazi ya upelelezi inaanza likifunguliwa jalada, na namba ya jalada ina herufi IR. Kama hana namba ya IR, kuna uwezekano mkubwa hakuna mpelelezi aliyepangiwa.

Lugha ya matusi ni kosa dogo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungo chake miezi 6. Kwa kosa hilo hakuna atakayehangaika kuiandikia kampuni ya simu. Yanayomhusu binti huyu ni mawili. La kwanza ni unyanyasaji wa mtandaoni, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. La pili ni kudai mali kwa vitisho, lipo kwenye Kanuni ya Adhabu. Picha zikirushwa, kinaingia na kifungu cha 14 cha sheria hiyo ya mtandao, cha kusambaza picha za ngono.

Arudi kituoni aulize Dawati la Jinsia na Watoto, asiishie kaunta. Pale anasikilizwa faragha. Na maelezo yake yaanze na tishio na pesa: "Tarehe fulani, saa fulani, namba hii ilinitumia ujumbe ikinitaka nitume shilingi 300,000, la sivyo itasambaza picha zangu." Akianza na "tuligombana na mchumba wangu", afande anasikia ugomvi wa wapenzi, wanaitwa wote wawili wapatanishwe, na mtuhumiwa anatoka pale akijua cha kufuta. Dawati likisuasua, amwone Mkuu wa Kituo, kisha mkuu wa upelelezi wa wilaya au OCD (mkuu wa polisi wa wilaya). Asikate tamaa kwenye ngazi ya kwanza, tafadhali. Sheria ya mtandao inampa Mkuu wa Kituo mamlaka ya kuagiza data itolewe au ihifadhiwe isifutwe, kwa hiyo hapo ndipo pa kubana.

Bi_Kielelezo:
Naongezea upande wa ushahidi, maana majalada mengi yanafia hapa.

Skrinshoti za watu wengi zina kasoro mbili. Juu panaonekana jina alilosevu, labda "Baby" au "Usipokee", na namba haionekani. Pia ujumbe una saa tu na neno "Leo", tarehe hakuna. Afungue ukurasa wa taarifa za huyo mtu namba ionekane, na huo aupige skrinshoti. Kisha ahamishe gumzo zima ("export chat") pamoja na picha na sauti, ajitumie kwa baruapepe. Faili hilo linaonyesha tarehe na saa ya kila ujumbe. Asikate kipande wala kufuta majibu yake mwenyewe, hata kama alijibu kwa hasira. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama iangalie data ilivyotunzwa, na pengo ndilo wakili wa upande wa pili atakalolishika.

Aangalie kama ujumbe wa kujifuta umewashwa. Muda unaweza kuwa saa 24, siku 7 au siku 90. Picha za "tazama mara moja" hazikubali skrinshoti, azipige picha kwa simu nyingine.

Kama jamaa ametoa namba ya kupokelea pesa, aanze muamala wa kutuma: jina la mwenye laini hutokea kabla ya kuthibitisha. Aliandike, kisha aghairi. Asilipe, maana akilipa dau linapanda. Kama alishalipa, ile SMS ya muamala ni dhahabu.

Ku-block kunafuata baada ya haya yote.

Wakili_Pwani:
Kwa huyo wa miaka 15, simameni hapo kwanza. Msimtumie mtu yeyote hizo picha, iwe mwalimu, mwenyekiti, au hata afande kwenye WhatsApp yake. Kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa la kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao: faini, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Ipelekeni simu yenyewe Dawatini, na mtoto awe na mzazi au afisa ustawi wa jamii. Namba 116 ni bure, inapokea habari za watoto.

WhatsApp haiwezi kuwapa polisi maneno ya mazungumzo kwa sababu yamefumbwa, yanasomeka kwenye simu za wanaozungumza tu, ndiyo maana simu ya mlalamikaji ina uzito hivyo. Meta, wenye WhatsApp, huhifadhi rekodi za akaunti siku 90 ikiombwa rasmi na polisi. Mpelelezi akumbushwe mapema.

Kuzuia picha zisipande mitandaoni, kuna huduma mbili: kama picha ilipopigwa alishatimiza miaka 18, atumie StopNCII; kama alikuwa chini ya hapo, Take It Down. Picha haitoki kwenye simu, inatoka alama ya kidijitali ya kuitambua tu. Hazizuii gumzo la WhatsApp.

Kama binti anaogopa kuulizwa kwa nini alituma picha mwenyewe, na hofu hiyo ina msingi, aonane na TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) au LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) kabla ya kusaini maelezo. Msaada wao ni bure.

Msaidizi_Kata:
Shukrani sana wakuu. Wakiichukua simu, atarudishiwa?

Jalada_IR:
Ikiwa kielelezo inaweza kukaa hadi kesi iishe. Kabla hajaikabidhi apige *#06#, anakili IMEI (namba ya utambulisho wa simu), ahamishe vitu vyake bila kufuta chochote. Adai nakala ya hati ya ukamataji mali yenye IMEI hiyo, tarehe, na saini ya aliyeipokea. Laini aombe abaki nayo. Wakiikatalia, nayo iandikwe kwenye hati.