Debian 12: majina ya poti za mtandao yamehama baada ya kuongeza kadi

MaabaraMoshi
Wakuu, salaam kutoka Moshi. Maabara ya shule ina kompyuta ya Debian 12 inayogawa intaneti. Poti zilikuwa mbili: enp2s0 ya kwenye ubao mama inapokea faiba, na enp3s0, kadi ya PCIe, inakwenda kwenye swichi ya wanafunzi. Imeongezwa kadi ya Intel I350 yenye poti mbili kwa ajili ya ofisi. Sasa `ip -br link` inaonyesha enp1s0f0, enp1s0f1, enp3s0 na enp4s0. enp2s0 haionekani, wanafunzi hawapati anwani za IP kutoka dnsmasq (programu inayozigawa), lakini enp3s0 ipo na inasema UP. Kadi ya zamani imekufa?

FundiNjiro
Haijafa mkuu. Simamisha dnsmasq kwanza, kabla ya kugusa kingine: `systemctl stop dnsmasq`. Namba inayofuata herufi p ni ya basi ya PCI (njia ya ndani inayounganisha kadi na ubao mama), na kadi mpya imesukuma hesabu mbele. Poti ya ubao mama imetoka 2 ikawa 3, kadi ya zamani imetoka 3 ikawa 4. Maana yake enp3s0 ya leo ndiyo yenye kebo ya faiba, na dnsmasq inagawa anwani kuelekea kwa mtoa huduma. Jina likipotea utaliona upesi. Likibaki huku limehamia poti nyingine, hapo ndipo watu hupoteza siku nzima.

Hakikisha kwa `lspci | grep -i ethernet`. Kumbuka lspci huandika namba ya basi kwa heksadesimali (msingi wa 16), lakini kwenye jina la poti huandikwa kwa desimali: 0a:00.0 ni enp10s0. Kisha `ethtool -p enp4s0 15` itawasha na kuzima taa ya poti hiyo kwa sekunde 15. Draiva ikikataa, chomoa kebo moja moja uone kwenye `ip -br link` ipi inageuka NO-CARRIER (haina kebo).

Kibo_Neti
Usirekebishe kwa kubadilisha 2 kuwa 3 kwenye mipangilio, maana kadi nyingine ikiingia utarudi hapa hapa. Lifunge jina kwenye kadi yenyewe. Soma anwani ya kudumu ya kadi (MAC) kwa `ethtool -P enp3s0`, halafu andika /etc/systemd/network/10-nje0.link:

```
[Match]
PermanentMACAddress=aa:bb:cc:dd:ee:01
[Link]
Name=nje0
```

Hilo ni la poti ya faiba; weka MAC yako halisi. Tengeneza jingine la ndani0 (poti ya wanafunzi), na ya ofisi. Jina lisizidi herufi 15, na usitumie eth0 wala eth1: hayo ni majina ya kerneli (kiini cha Linux) yenyewe, yatagongana. Jaribu kabla ya kuzima: `udevadm test-builtin net_setup_link /sys/class/net/enp3s0`, uone faili gani limechukuliwa. Faili la kwanza linalolingana ndilo hutumika peke yake, ndiyo sababu ya kuanza na 10.

Badilisha majina kwenye /etc/network/interfaces, dnsmasq na nftables (sheria za ngome ya mtandao), kisha `update-initramfs -u`. Hatua hii wengi huiruka. Udev (programu inayozipa kadi majina) iliyomo ndani ya initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa mwanzo wa kuwaka) inaweza kuipa kadi jina mapema, kabla mafaili yako hayajasomwa. Washa upya ukiwa mbele ya skrini na kibodi, si kwa mbali kupitia SSH.

FundiNjiro
Kwenye nftables tumia `iifname`, si `iif`. `iif` hushika namba ya poti wakati sheria zinapopakiwa, na poti isipokuwepo dakika hiyo, faili zima la sheria hukataliwa. Na net.ifnames=0 (chaguo la kerneli la kurudisha majina ya eth0) siishauri kwa mashine yenye kadi zaidi ya moja: mpangilio wa eth0 na eth1 utategemea draiva ipi imewahi.

MaabaraMoshi
Majina yamekaa, wanafunzi wanapata anwani. Swali moja: masika radi huunguza kadi huku. Nikibadilisha kadi ya ndani0 nifanyeje?

Kibo_Neti
PermanentMACAddress hupokea anwani kadhaa zikitenganishwa kwa nafasi. Ongeza ya kadi ya akiba leo, kisha `update-initramfs -u` tena. Ila zote mbili zisiwe ndani ya mashine kwa pamoja, zitagombea jina moja.